Mpangaji wa mwezi kwa mwezi naye ana haki, na notisi ya siku tatu si notisi

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako nimjibu yule mwenye nyumba wa Shela, Shela ya Lamu sio hii yetu ya Malindi, aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi hana mkataba na asiye na mkataba hana la kudai, akiambiwa ahame kesho basi ahame kesho. Nikasema nikinyamaza kuna watu watadhani ndio sheria yenyewe, manake huku kwetu jambo likishachapwa gazetini limekuwa kweli, na msimu ndio huu wakaribia, kaskazi ikianza kuvuma wageni wanaingia na kila mwenye chumba anaanza kupiga hesabu za kulaza mtalii kwa usiku badala ya kumuweka mwalimu wa chekechea kwa mwezi.

Mimi si wakili na sijawahi kusema ni wakili. Kazi yangu ni kupiga chapa, nina meza na kompyuta na printa karibu na mahakama hapa Malindi, watu wanakuja nawaandikia barua, mikataba, hati za kiapo za kupeleka kwa wakili zikagongwe muhuri, na kazi hii inakulazimisha usome sheria utake usitake, mtu akikuletea karatasi imejaa vifungu umnakilie huwezi kuandika kitu usichokielewa, utakosea nambari na mwenyewe apate taabu huko ndani. Wapangaji wanakuja na wenye nyumba wanakuja, wote wanakaa kiti kile kile na wote wanalipa bei ile ile, kwa hivyo nisionekane nimetumwa na upande wowote.

Sasa ndugu yangu wa Shela, hebu tuanze na hilo la mkataba. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mkataba wa kupanga wa muda mfupi, yaani wa miaka miwili kushuka chini usio na kipengele cha kuongezwa, au ule wa kipindi kwa kipindi kama huu wa mwezi, unaweza kuandikwa na unaweza kuwa wa mdomo tu. Ni kifungu cha 58. Wala hauhitaji kwenda kusajiliwa popote. Kwa hivyo yule dada aliyekuja akakupa kodi ya mwezi wa kwanza pale barazani kwako, ukampa ufunguo, akaingia na godoro lake, huyo ana mkataba. Mmeshaandikiana hata kama hamkushika kalamu. Meseji ya M-Pesa inayosema amekutumia 8,000 tarehe 5, na ya mwezi uliofuata tarehe 5, na ya mwezi uliofuata, hizo zote ni ushahidi wa mkataba na ni ushahidi mzuri kuliko karatasi nyingi ninazoletewa hapa zimefutwafutwa.

Kifungu cha kabla yake, cha 57, ndicho ambacho ningependa kila mtu wa Malindi na Lamu akijue. Kinasema pale ambapo hamkutaja muda wa kupanga wala hamkutaja habari ya notisi, mkataba unahesabiwa ni wa kipindi, na kipindi chenyewe ni kile ambacho kodi hulipwa. Ukilipa kwa wiki ni wa wiki. Ukilipa kwa mwezi ni wa mwezi. Na yeyote kati yenu akitaka kuuvunja lazima atoe notisi isiyopungua kipindi hicho, na hapa ndipo watu wengi hawafiki kusoma, notisi hiyo lazima iishie kwenye siku ya kulipa kodi.

Wacha nipige mfano kwa tarehe manake hapo ndipo kila mtu ananiuliza. Tuseme walipa kodi tarehe 5 ya kila mwezi. Mwenye nyumba anakuja tarehe 12 Novemba anakwambia nataka nyumba yangu. Mwezi mmoja kutoka tarehe 12 Novemba ni tarehe 12 Desemba, sawa, lakini tarehe 12 si siku ya kodi, na tarehe 5 Desemba haijatimiza mwezi, kwa hivyo notisi inasukumwa mbele mpaka tarehe 5 Januari. Krismasi imepita, mwaka mpya umepita, na huyo mgeni wa kutoka Milano uliyemwahidi hicho chumba ameshalala kwengine. Nikimuonyesha mwenye nyumba hesabu hii kwenye kalenda ya ukutani huwa anaiangalia kalenda kama imemtukana. Lakini ndivyo ilivyo, na kama alitaka nyumba itoke tarehe 5 Desemba alipaswa kusema kufikia tarehe 5 Novemba, si jambo gumu.

Na wapangaji musishangilie sana, manake kifungu kinasema pande zote mbili. Wewe uliyepata chumba cha bei nafuu kule Muyeye ukaamua Jumamosi unahama Jumapili, na unataka dipositi yako mkononi kabla mkokoteni haujaondoka, nawe ulidaiwa notisi ya mwezi. Nimeona wapangaji wengi wakilia dipositi imeliwa, ukiwauliza notisi ulitoa lini wanaanza kuangalia pembeni.

Ila mkiwa mumeandikiana kitu kuhusu notisi basi hicho mlichoandikiana ndicho kinachofuatwa kwanza. Ndio maana nawaambia watu karatasi moja tu inatosha, si lazima iwe kurasa kumi na mbili zenye lugha ya kuogopesha kama zile za maajenti.

Sasa twende kwa hii notisi ya siku tatu wanayopewa wapangaji huku kwetu. Mwezi wa kumi na moja ukifika mimi najua kabisa meza yangu itakuwa na kazi ya aina gani. Mama mmoja alikuja na simu yake akanifungulia picha, mlango wa chumba chake umeng'olewa, si kwamba umefungwa kufuli, umeng'olewa wote na bawaba zake, zimebaki tundu za misumari kwenye fremu, na pale mlango ulipokuwa yeye ametundika leso mbili amezifunga kwa kamba ya mnazi ili watoto walale. Hakuwa na deni. Nilikitizama kitabu chake cha risiti, kodi imelipwa mpaka mwisho wa mwezi. Alipewa siku tatu kwa sauti ya WhatsApp, siku ya nne fundi akaja na bisibisi. Na fundi mwenyewe ni jirani yake, anamwambia dada usinichukie mimi nimetumwa tu.

Hii tabia ya kung'oa mlango au kuezua mabati au kukata stima na maji ndiyo imekuwa mahakama ya huku kwetu. Mtu anajiona amefanya ujanja, hakumgusa mpangaji, hakumtoa, amechukua tu mlango wake alioununua kwa pesa zake. Sheria haiangalii hivyo. Kifungu cha 65 cha ile ile Sheria ya Ardhi kinasema kila mkataba wa kupanga una ahadi ya mwenye nyumba ndani yake hata kama hakuitamka, kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza yanayompasa atakaa kwa utulivu bila kusumbuliwa na mwenye nyumba wala mtu wake. Ahadi nyengine iliyomo humo humo ni kwamba nyumba ya kuishi iwe inafaa binadamu kukaa, na kama umepangisha sehemu tu ya jengo basi paa, kuta kubwa za nje na mitaro mikuu ni juu yako wewe mwenye nyumba kutengeneza. Sasa chumba kisicho na mlango kinafaa binadamu gani kukaa? Mpangaji akienda mahakamani na picha kama ile, na meseji zake za kodi, hakimu ana uwezo wa kutoa amri ya kumzuia mwenye nyumba, na fidia juu.

Kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya amri ya mahakama. Haitolewi na chifu, haitolewi na mzee wa mtaa, wala askari wa kituoni aliyekuja kwa sababu ni rafiki ya mwenye nyumba. Nasema hivi kwa heshima manake wazee wa mtaa wanafanya kazi kubwa na katiba yenyewe kifungu cha 159 inataka mizozo isuluhishwe kwa mazungumzo pale inapowezekana, na kesi nyingi za kodi zinaishia vizuri barazani kwa kahawa. Lakini kusuluhisha ni kitu kimoja na kuamuru mtu atolewe vyombo nje ni kitu chengine. Na kuna wanaokimbilia kwa Kadhi, hasa Lamu, wakidhani ni mambo ya Waislamu kwa Waislamu basi Kadhi ataamua. Kadhi kikatiba anahusika na ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, tena pande zote ziwe Waislamu na zikubali. Kodi ya nyumba haimo. Labda hiyo nyumba iwe ni ya mirathi na ndugu wanagombana nani apokee kodi, hapo ndipo utamkuta mpangaji masikini analipa kwa kaka mkubwa leo na kesho dada anamwambia hajalipa, na hiyo pia nimeiona.

Nije sasa kwa kitu kinachoniudhi kuliko vyote. Tuna sheria maalum ya kumlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi, Sura ya 296, ya tangu 1959, kabla ya uhuru. Ina jopo lake la kusikiliza mambo ya kodi, mpangaji anaweza kwenda bila wakili, kodi haipandishwi ovyo, kutolewa nyumba ni mpaka kuwe na sababu zilizotajwa kwenye sheria. Nzuri sana. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hiyo kodi ya kawaida inapimwa kwa vile nyumba ilivyokuwa ikipangishwa tarehe 1 Januari 1981. Elfu moja mia tisa themanini na moja! Kuna wenye nyumba wa leo hapa Malindi hawakuwa wamezaliwa. Hebu nitafutieni chumba cha 2,500 hapa mjini. Labda cha udongo na makuti huko ndani ndani Kisumu Ndogo au Maweni, bila stima, choo cha pamoja, na hata hivyo itabidi ubahatishe. Ukishavuka 2,500 na shilingi moja, ile sheria inakwambia kwaheri, unaangukia kwenye Sheria ya Ardhi ambayo ina haki ndio kama nilivyoeleza, lakini kuzidai lazima uende mahakama ya hakimu au ile ya Mazingira na Ardhi, ufungue kesi, ulipe ada, na mpangaji wa chumba cha 6,000 akifikiria gharama za wakili anaona bora akatafute chumba chengine. Mwenye nyumba analijua hilo fika.

Na linalochoma zaidi ni hili. Mtu akipanga kibanda cha duka bila mkataba wa maandishi, au wa maandishi usiozidi miaka mitano, analindwa na Sura ya 301, ya 1965, ile ya maduka, hoteli na nyumba za vyakula. Mwenye jengo akitaka kumtoa au kumpandishia kodi lazima ampe notisi kwa fomu maalum, na notisi haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili, na mwenye duka akipinga anapeleka kwa jopo la kodi za biashara na anaendelea kukaa mpaka jopo liamue. Haijalishi kodi ni kiasi gani, 3,000 au 300,000. Kwa hivyo pale kwenye nyumba moja ya ghorofa, chini kuna duka la kuuza viazi vya karai, juu kuna familia ya watu sita, yule wa viazi ana miezi miwili na jopo, wale watu sita wana mwezi mmoja na hakuna jopo. Simuonei wivu ndugu yangu wa viazi karai, biashara ni riziki ya mtu na inafaa ilindwe, lakini mbunge yeyote wa huku Pwani anieleze ni kwa nini meza ya chakula ipewe kinga kuliko kitanda cha mtoto.

Mwaka 2021 kulikuwa na mswada bungeni wa kuziunganisha hizi sheria tatu, hiyo ya 296, ya 301 na ile ya 293 ya kukamatia mali ya mpangaji mwenye deni, ziwe sheria moja ya mwenye nyumba na mpangaji. Tuliuzungumza sana hapa kwenye meza, mpaka watu wakaanza kuniuliza kama imeshapita. Haikupita. Wabunge wetu wa Kilifi na Lamu waliopo sasa sijasikia hata mmoja akiuliza habari zake, wanauliza habari za barabara na basari, sawa, lakini robo ya watu wanaowapigia kura hapa mjini, na nasema robo kwa kukadiria tu kwa macho yangu musije mukaninukuu, wanalala kwenye vyumba vya kupanga.

Wenye nyumba nao wana kilio chao na sitaki kukificha. Wako wapangaji wanaohama saa nane za usiku wakaacha miezi mitatu ya deni na choo kimeziba. Wako wanaopanga nyumba kwa bei ya mwezi halafu wao wenyewe wanaiweka Airbnb, ule mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, mwenye nyumba anakuja kuona wazungu wameketi barazani kwake wanamuuliza yeye ni nani. Kwa huyo wa Airbnb jibu liko, kupangisha mtu mwengine bila idhini ya mwenye nyumba ni kuvunja mkataba, Sheria ya Ardhi imeiweka hiyo kwenye ahadi za mpangaji. Kwa huyo wa deni iko hiyo Sura ya 293, kwamba mwenye nyumba anaweza kukamata mali ya mpangaji kwa sababu ya kodi, lakini kupitia dalali mwenye leseni, si yeye na wapwa zake wakaingia wakabeba televisheni na jiko la gesi. Ukibeba mwenyewe umegeuka wewe ndiye mshtakiwa, na deni lako bado hujalipwa.

Wenye nyumba wengine hawataki maandishi kwa sababu wanaogopa ushuru, tuseme ukweli. Anaona akitoa risiti KRA watamfikia. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi ilikuwa asilimia 10 ikashuka ikawa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na inamhusu anayepata kuanzia 288,000 kwa mwaka, ambayo ni 24,000 kwa mwezi. Mzee mwenye vyumba viwili vya nyuma anavyopangisha 5,000 kila kimoja hafiki huko, anaogopa kitu ambacho hakimhusu, na kwa uoga huo anakataa kumwandikia mpangaji risiti, halafu mpangaji akikana deni mzee hana hata karatasi ya kumuonyesha hakimu.

Dipositi nayo ni balaa peke yake. Watu hudhani kuna sheria inasema dipositi ya nyumba ya kuishi ni mwezi mmoja au irudishwe baada ya siku kadhaa. Mimi kwenye hizi sheria ninazonakili kila siku sijakiona kifungu kama hicho, dipositi inakaa kwenye makubaliano yenu tu, na kama makubaliano hayakusema ni ya nini basi ndipo mtu anakatwa 4,000 za rangi kwenye nyumba ambayo alipoingia haikuwa na rangi. Piga picha siku unaingia, kila ukuta, sinki, kitasa, na umtumie mwenye nyumba siku ile ile kwa simu ili tarehe ibaki. Na kama umeshatoka na unachodai ni pesa tu iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016, inasikiliza madai ya hadi milioni moja na inatakiwa imalize kesi ndani ya siku 60, huhitaji wakili. Nimewaandikia watu madai ya huko na ni fomu nyepesi.

Kupandishiwa kodi katikati ya mwezi, hilo pia laulizwa kila siku. Kodi ni makubaliano ya watu wawili. Mmoja hawezi kuamka akasema kuanzia leo ni 12,000 ikawa. Anaweza kusema nataka 12,000 kuanzia tarehe fulani, mpangaji akikataa basi mwenye nyumba atoe notisi yake ya kuvunja mkataba kama nilivyoeleza hapo juu na tarehe zake zote, na mpaka iishe mpangaji analipa kodi ile ya zamani. Alipe lakini. Mtu anayegoma kulipa kodi kwa sababu amekasirika amempa mwenye nyumba silaha, na mahakamani swali la kwanza utakaloulizwa ni je umelipa. Mwenye nyumba akikataa kuipokea, mtumie kwa M-Pesa, akiirudisha hifadhi ile meseji ya kurudishiwa.

Ndugu yangu wa Shela aliandika pia kwamba kuhama ni jambo dogo, mtu ana begi na godoro. Huyu kweli ni mtu wa Lamu? Mimi mamangu ni wa Langoni na najua kuhama nyumba Lamu ni nini. Hakuna pikapu inayofika mlangoni, ni punda na mabega ya watu kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, kabati haligeuki kwenye kona, linashushwa kwa kamba kutoka dari ya pili, na ukihamia Mokowe au Hindi ni mashua na kusubiri maji yajae, na makuli wa gati wanakuhesabia kila kifurushi. Siku tatu? Hata chumba chenyewe cha kuhamia hukipati kwa siku tatu, manake nyumba za mawe nyingi zimeshageuzwa za wageni tangu mji ulipoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na zile zilizobaki za wenyeji kupanga wanaambiana kwa kujuana, ukoo kwa ukoo. Mtu ambaye hana jamaa mjini, polisi, muuguzi, mwalimu aliyetumwa kutoka bara, huyo ndiye anayepewa siku tatu, manake hana wa kumpigia simu.

Kuna suala jengine la huku Pwani ambalo lataka barua yake peke yake, la nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako umeijenga kwa jasho lako lakini kiwanja ni cha mtu mwengine unamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na wewe umepangisha vyumba ndani. Mpangaji wa chumba hapo anamtegemea mtu ambaye naye anamtegemea mtu. Kiwanja kikiuzwa wote wanatetemeka. Mwandishi wenu mwenye muda alishughulikie.

Nimalizie na ushauri kwa ndugu yangu wa Shela, na nampa bure ijapokuwa hapa mezani ningemtoza. Kama wajua kila mwaka Desemba unaitaka nyumba yako kwa wageni, hiyo ni haki yako na hakuna anayekukataza. Usipangishe mwezi kwa mwezi basi. Mwandikie mpangaji mkataba wa muda unaojulikana, kwa mfano kuanzia tarehe 1 Aprili mpaka tarehe 30 Novemba, muweke sahihi nyote wawili na shahidi, na muandike kwamba tarehe 30 unaisha wenyewe. Kukodisha kwa mkataba huo itabidi upunguze bei kidogo, manake mtu anajua anahama, lakini nyumba utaipata kwa tarehe. Ila angalia usiingie tamaa, tarehe 30 ikifika usimwache akae huku unaendelea kupokea kodi yake, manake kifungu cha 60 kinasema mpangaji akibaki baada ya mkataba kwisha na wewe ukaendelea kupokea kodi kwa miezi miwili, mumeshaingia kwenye mkataba mpya wa mwezi kwa mwezi, na hapo utarudi kwangu kuniuliza kuhusu kalenda.

Mpiga chapa,
Maweni, Malindi